Vitabu 4,000 viko gereji Minnesota: vitafikaje maktaba ya chuo kikuu Tanzania?

Swali: Sisi ni Watanzania tunaoishi Minnesota. Chama chetu kimekusanya vitabu vya chuo kikuu karibu 4,000, vingi kutoka kwa wanafunzi waliomaliza na wahadhiri waliostaafu. Vimejaa gereji mbili. Tunataka kuvipeleka chuo kikuu kimoja cha umma Nyanda za Juu Kusini, na wanachama wameshaanza kuchanga fedha za kontena. Tufuate hatua gani, na ni mambo gani huharibika njiani?

Jibu: Ndugu zetu, simamisheni kwanza huo mchango wa kontena. Kitabu cha kiada cha chuo kikuu cha Marekani chenye jalada gumu kina uzito wa kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo 4,000 ni tani sita. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 huingia vitabu 12 na kuwa na kilo 18, uzito ambao mtu mmoja anaweza kuubeba. Hayo ni maboksi 334, yaani mita za ujazo 12. Kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33, na maboksi yakipangwa kwa mkono zinatumika 28 hivi. Mtakuwa mnalipia hewa zaidi ya nusu. Na hapo hamjachambua. Vitabu vilivyokusanywa bila orodha vikichambuliwa kwa haki hupungua sana. Msishangae mkibaki na 1,500. Hivyo ni maboksi 125, tani mbili na robo: paleti tatu (yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo) na maboksi matano ya ziada. Huo si mzigo wa kontena zima.

Kazi ya kwanza, basi, ni orodha, na orodha inaanzia chuoni. Mtu wa kuzungumza naye ni mkurugenzi wa maktaba. Makamu mkuu wa chuo atawapokea vizuri na kuwashukuru, lakini si yeye atakayejua kwamba wanafunzi 240 wa mwaka wa kwanza wanagombania nakala sita za kitabu cha takwimu. Mwombeni mkurugenzi mambo matatu: kozi zenye wanafunzi wengi na vitabu vinavyotajwa kwenye mtaala wa kila kozi, toleo la zamani kabisa ambalo idara iko tayari kulipokea, na masomo ambayo rafu zake zimeshajaa. Hilo la tatu watu husahau kuliuliza, na mkutubi kwa adabu hatalitaja mwenyewe.

Wakati mnasubiri majibu, orodhesheni mlivyonavyo. Simu yoyote yenye programu ya kusoma msimbopau inatosha: piga nyuma ya jalada, namba ya ISBN ya tarakimu 13 inayoanza na 978 au 979 inaingia kwenye jedwali. Vitabu vya kabla ya 2007 vinaweza kuwa na namba ya tarakimu 10 tu. Iandikeni hivyo hivyo, programu za maktaba zinaitambua. Kitabu kisicho na ISBN kabisa kwa kawaida ni cha kabla ya miaka ya 1970, na hicho kwa kawaida hakisafiri. Safu za jedwali ziwe ISBN, mwandishi, jina la kitabu, toleo, mwaka, hali, idadi ya nakala na namba ya boksi. Watu wawili, mmoja akipiga na mwingine akiangalia hali, wanaweza kumaliza vitabu mia hadi mia na hamsini kwa saa. Jedwali hilo litatumika mara tatu: mkutubi atalitumia kuchagua, forodha italidai, na mtengeneza katalogi ataanzia hapo. Ndiyo maana linafanywa mwanzoni, kabla boksi la kwanza halijafungwa kwa utepe wa gundi.

Sasa uchambuzi wenyewe. Watu hupenda kanuni moja, kama vile "tusipeleke cha zaidi ya miaka mitano", lakini kanuni hiyo inatupa vitabu vizuri na kubakiza vibaya. Kila somo lina umri wake.

Kalkulasi, aljebra, fizikia ya msingi na kemia ya jumla hazizeeki haraka. Kitabu cha 2008 bado kinafundisha kitu kile kile. Tatizo lake liko kwingine: matoleo hutofautiana kwa namba za maswali. Mhadhiri akisema "fanyeni swali la 14, sura ya tatu", mwenye toleo la sita na mwenye toleo la nane wanafanya maswali mawili tofauti. Kwa hiyo nakala 20 za toleo moja la zamani zina faida kuliko vitabu 20 tofauti vya juzi. Zinawekwa kwenye sehemu ya mkopo wa saa chache na darasa zima linafanya kazi pamoja. Mkipata wingi wa aina hiyo, ulindeni.

Uhasibu ndio mtego mkubwa. Vitabu vya Marekani hufundisha kanuni za Marekani, wakati bodi ya wahasibu Tanzania, NBAA, inafuata viwango vya kimataifa, IFRS, tangu 2004. Mfano mmoja unatosha: Marekani mfanyabiashara anaruhusiwa kuthamini bidhaa za ghalani kwa LIFO, yaani zilizoingia mwisho zinahesabiwa kutoka kwanza. Viwango vya kimataifa vinakataza. Mwanafunzi anayejisomea kitabu hicho peke yake atakwenda kwenye mtihani wa bodi na jibu lililo kosa. Vya kodi za Marekani ni vya kuchakata tu.

Sheria inafanana na hapo. Katiba ya Marekani na sheria za majimbo hazina msaada mkubwa kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Vitabu vya sheria ya mikataba na madhara vinavyoegemea mfumo wa Kiingereza, sheria ya kimataifa, haki za binadamu na mbinu za utafiti wa kisheria vinafaa. Kwa uhandisi, tazameni vipimo. Thamodinamiki au nadharia ya saketi katika toleo la vipimo vya kimataifa vya SI (mita, kilo na kadhalika) itasomwa miaka mingi. Kitabu cha kufunga nyaya za umeme kinachofuata kanuni za Marekani, cha volti 120 na hezi 60, kitamfundisha fundi mambo ya nyumba ambayo hataiona Mbeya wala Iringa, ambako umeme ni volti 230 na hezi 50.

Tiba na uuguzi vinataka ukali. Anatomia ya miaka kumi iliyopita ni nzuri, fiziolojia vilevile. Mwongozo wa dawa na dozi wa zaidi ya miaka mitatu usipande meli. Hapo kitabu kikongwe kinaweza kumdhuru mgonjwa. Kuna na jambo dogo ambalo wengi hawalioni: vitabu vya Marekani hupima sukari ya damu kwa miligramu kwa desilita, ilhali wodi nyingi Tanzania husoma milimoli kwa lita, na kutoka kipimo kimoja hadi kingine unagawanya kwa 18. Mhadhiri akijua ataeleza. Mkiviandika kwenye jedwali kama "vipimo vya Marekani" mtakuwa mmemsaidia.

Kompyuta: algoriti, nadharia ya hifadhidata na mifumo endeshi hadi miaka kumi, kitabu kinachofundisha toleo fulani la programu kwa picha za skrini, miaka mitatu basi. Kilimo: sayansi ya udongo, jenetiki na takwimu za majaribio ndiyo, ufugaji wa ng'ombe wa kwenye baridi na soya ya Iowa hapana. Utangulizi wa serikali ya Marekani mtapewa kwa mamia, kwa sababu wanafunzi wengi huko huvinunua kwa ajili ya kozi hiyo. Viacheni.

Hali ya kitabu nayo ina mipaka. Ukungu haujadiliwi: kitabu kimoja chenye madoa ya kuvu au harufu ya chumba cha chini ya ardhi kitaambukiza boksi zima katika wiki za baharini. Kilichopigwa mistari ya rangi zaidi ya robo ya kurasa, kilichokatika mgongo na kilichopotea kurasa vinabaki. Vile vyenye kadi ya namba ya siri ya mtandaoni, angalieni kama mazoezi yote yamo ndani ya kitabu, maana namba ikishatumika haifanyi kazi tena. Vilivyotolewa na maktaba za Marekani lazima viwe na muhuri wa "WITHDRAWN". Bila muhuri huo, mkaguzi au mkutubi ana haki ya kudhani vimeibwa.

Mtashawishika kusema, "Tupeleke vyote, watachagua wenyewe." Kwa chuo cha umma hilo ni mzigo. Kitabu kikishapokelewa na kusajiliwa kinakuwa mali ya umma, na mali ya umma haitupwi hovyo. Hufutwa kwa utaratibu wenye kamati na karatasi zake. Ndiyo maana kwenye vyumba vya nyuma vya maktaba kadhaa utakuta maboksi ya misaada ya miaka mingi iliyopita, hayafunguliwi wala hayatoki. Book Aid International ya London, iliyoanza 1954 kwa kukusanya vitabu vilivyosomwa, leo hupeleka vipya tu vinavyotolewa na wachapishaji. Ninyi hamlazimiki kufika huko, lakini kiwango cha mashirika makongwe kinaonyesha upepo unakovuma.

Majarida ya kitaaluma ya karatasi msiyaguse kabisa. Ni mazito, na makala zake ziko mtandaoni. Kupitia Research4Life, mpango wa kimataifa wa kufungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya mtandaoni, ambao programu yake ya afya, Hinari, ilianza 2002, taasisi za nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, hupata maelfu ya majarida bila malipo. JSTOR, hazina ya majarida ya mtandaoni, nayo haizitozi taasisi za elimu za Afrika zisizo za faida ada ya makusanyo yake ya majarida. Upande wa Tanzania kuna muungano wa maktaba za vyuo na utafiti, COTUL, unaojua nani ana haki ya nini. Mwulizeni mkutubi wenu kama tayari wamejisajili. Wakati mwingine kinachokosekana ni kompyuta kumi na intaneti isiyokatika, na huo ni mchango pia.

Tuje kwenye usafiri. Njia ziko tatu kwa mzigo wenu.

Ya kwanza iko mlangoni kwenu. Books For Africa, iliyoanzishwa 1988, ina makao yake Saint Paul, hapo hapo Minnesota. Ina ghala, watu wa kujitolea wa kupanga, na uzoefu wa kontena nyingi Afrika. Kwa kawaida mfadhili hulipia usafirishaji na kuchagua aina ya vitabu kutoka ghalani. Mnaweza kuwapa vyenu vinavyofaa, kisha fedha zenu zikalipia kontena lililojazwa vitabu vya chuo mlivyochagua pamoja na mkutubi. Kama mnaweza kufikisha kiasi hicho cha fedha, sisi tungeanza kugonga hapo.

Ya pili ni kuchangia kontena na wengine kupitia kampuni ya kusafirisha mizigo. Hapo mnatozwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Paleti zenu tatu, pamoja na mbao zake, ni mita za ujazo tano hivi, ilhali uzito ni tani mbili na ushei, kwa hiyo ujazo ndio utakaolipiwa. Pangeni maboksi kumi kwa safu, safu nne, bila boksi kutokeza nje ya ukingo.

Angalizo hapa. Katika kila mji wenye Watanzania kuna mtu anayejaza kontena la magari, mapipa na vitu vya nyumbani, naye atasema "nipeni nitawapelekea". Kwa pipa la shangazi ni sawa. Kwa vitabu vya chuo ni hatari: hati ya shehena itakuwa kwa jina lake, hivyo chuo hakiwezi kuomba msamaha wa kodi kwa mzigo usio wake, na kukiwa na kitu ambacho hakikutangazwa ndani ya kontena hilo, vitabu vyenu vitazuiwa pamoja nacho.

Ya tatu ni gunia la posta. Posta ya Marekani ina huduma inayoitwa M-bag kwa machapisho yanayokwenda kwa mpokeaji mmoja, hadi pauni 66, yaani kilo 30. Inakwenda kwa ndege na si ya bei nafuu, lakini kwa vitabu 18 ambavyo idara ya famasia inavihitaji muhula huu inafaa. Thibitisheni kwanza kwamba siku hiyo huduma kwenda Tanzania iko wazi.

Nyaraka zinaumiza watu kuliko bahari. Mpokeaji kwenye hati ya shehena, ambayo mawakala huiita BL, awe chuo chenyewe kwa jina lake kamili la kisheria na namba yake ya mlipakodi, si mwalimu fulani wala mwanachama wenu aliye likizo. Ambatisheni barua ya zawadi kutoka kwenu, barua ya chuo ya kukubali, orodha ya mzigo kwa maboksi, na ankara yenye thamani. Msiandike sifuri. Forodha haiamini sifuri, nayo itaweka thamani yake yenyewe, ambayo hamtaipenda. Thamani ya haki ya soko la mitumba, tuseme dola mbili kwa kitabu, inakubalika ikiwa jedwali linaiunga mkono. Kwa vitabu 1,500 hiyo ni dola 3,000, na Marekani ikiwa bidhaa za fungu moja la forodha zimezidi dola 2,500 msafirishaji anatakiwa kujaza taarifa ya kielektroniki ya mauzo ya nje. Wakala wenu wa meli huifanya kwa ada ndogo. Msishushe thamani ili kuikwepa.

Upande wa Tanzania, vitabu vilivyochapwa viko kifungu 4901 cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, na ushuru wa forodha ni asilimia sifuri. Mkataba wa Florence wa UNESCO wa 1950 unaohusu vifaa vya elimu unaegemea huko huko. Lakini ushuru sifuri si sawa na gharama sifuri. Kodi ya ongezeko la thamani, tozo za reli na za kushughulikia nyaraka husimama peke yake na hubadilika na bajeti kila Julai. Jirani zetu Kenya waliingiza vitabu kwenye VAT kwa sheria ya 2013. Kwa hiyo chuo kiombe msamaha na kupata jibu la maandishi kabla meli haijaondoka, na wakala wa forodha wa Dar aulizwe kama mitumba hiyo inahitaji cheti cha ukaguzi kabla ya kupakiwa. Msichanganye kitu kingine kwenye paleti. Kompyuta nne za zamani zilizowekwa "kujaza nafasi" hubadilisha mzigo wa vitabu kuwa mzigo wa vifaa vya umeme vilivyotumika, na hapo maswali huanza upya.

Kufunga: boksi la karatasi ya tabaka mbili, jipya. Maboksi ya ndizi yana matundu na chini yake hufunguka. Vitabu vilale au visimame kwa mgongo, kamwe visisimame kwa upande wa kurasa, maana uzito huvuta kurasa hadi gundi iachie. Jazeni mapengo kwa karatasi, fungeni utepe wa gundi kwa umbo la H chini na juu, na andikeni namba ya boksi pande mbili. Paleti za mbao ziwe na muhuri wa IPPC (mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea) wenye herufi HT, unaoonyesha mbao zilipashwa moto hadi nyuzi 56 ndani kabisa kwa dakika 30. Paleti ya bure ya nyuma ya duka isiyo na muhuri inaweza kukwamisha kila kitu. Viringisheni nailoni, wekeni na vifuko vya kunyonya unyevu, kwa sababu usiku chuma cha kontena hupoa na mvuke huganda darini na kudondoka.

Hesabuni wiki sita hadi kumi baharini na kwenye vituo vya kubadilishia meli, kisha siku za forodha. Mwaka wa masomo Tanzania huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo mzigo wa kusaidia mwaka huo uondoke kufikia Julai. Dar mzigo wa kuchangia hufunguliwa kwenye ghala, na siku za kuhifadhiwa bure ni chache. Zikipita, tozo huhesabiwa kila siku. Lori la kwenda nyanda za juu liwe limekwishalipiwa, na fedha za bandari ziwe mkononi mwa chuo au wakala kabla meli haijatia nanga. Michango ikikauka, hukauka hapa, kwa sababu wachangaji walidhani nauli ya meli ndiyo mwisho.

Gharama moja zaidi haimo kwenye bajeti ya karibu kila kikundi: kuingiza kitabu kwenye mfumo. Muhuri, namba ya usajili, msimbopau, lebo ya mgongoni, rekodi ya katalogi. Kitabu ambacho rekodi yake inapatikana kwa ISBN huchukua kama dakika kumi kwa jumla. Vitabu 1,500 ni saa 250, yaani wiki saba na zaidi za mtu mmoja anayefanya kazi saa saba kwa siku, siku tano kwa wiki. Maktaba zinazotumia Koha, programu ya kuendesha maktaba, zinaweza kuvuta rekodi hizo kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani wakati vitabu bado viko baharini, mradi jedwali lenu limewafikia. Tengeni posho ya wanafunzi wawili wa ukutubi na fedha za karatasi za lebo. Ni kiasi kidogo.

Fanyeni pia hesabu ya mwisho kabla ya kuamua. Tuseme gharama zote, hadi kitabu kikae rafuni, ni dola 6,000. Kwa vitabu 1,500 ni dola nne kila kimoja. Lakini kama vinavyotumika kweli ni 400, ni dola 15. Kwa bei hiyo baadhi ya vitabu vinapatikana vipya katika matoleo nafuu ya India. Na kuna vitabu ambavyo gereji ya Minnesota haitavitoa kamwe: sheria za Tanzania, historia yetu, isimu ya Kiswahili, vilivyochapishwa Dar es Salaam na kampuni ya Mkuki na Nyota, TATAKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na wengineo. Tungetenga robo ya mchango kuvinunua hapo hapo.

Mwaka mmoja baadaye mwombeni mkutubi ripoti ya mikopo ya vitabu vyenye chanzo "zawadi". Koha inaitoa kama chanzo hicho kiliandikwa wakati wa kusajili, kwa hiyo liombeni hilo mapema. Vitabu ambavyo havijakopwa hata mara moja ndivyo vya kufuta kwenye orodha ya mkusanyo unaofuata.